Aliyechambua Kikapu Hakifungi

Pale kazini kwetu, kwenye kiwanda cha kufulia nguo, kuna sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani wala hakuna anayekumbuka ilianza lini: aliyechambua kikapu hakifungi. Wewe chambua, nyeupe huku, za rangi kule, halafu sogea pembeni. Mwenzako aje, apitishe mkono mpaka chini kabisa, ndipo afunge kamba na kukisukuma kwenye mashine. Hata uwe mkongwe kuliko mashine zenyewe, cha kwako hukifungi. Wanasema kabla sijaajiriwa mjuaji mmoja alijifungia mwenyewe, na soksi moja nyekundu ikageuza makoti ya zahanati nzima kuwa ya waridi. Madaktari wakazunguka wodini kama wasimamizi wa harusi.

"Jicho lako linakupenda mno," Kamanda hupenda kutuambia. "Litakuonyesha unachotaka kukiona."

Kamanda ndiye mwenzangu wa kukunja mashuka. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, na jina hilo alipewa kwa sababu hata msimamizi humtupia jicho la kuomba ruhusa kabla ya kumgombeza mtu. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja, kwa hiyo kutwa nzima mimi nashika ncha zangu na yeye zake. Na chumba cha pasi kina kelele za kukutoa roho: roli za kupigia pasi zinanguruma, mvuke unapuliza, vikaushio vinagonga kama mdai mlangoni. Ukipayuka unachoka bure. Basi tunazungumza kwa mikono. Kuvuta shuka mara moja ni kusema geukia kushoto. Kiganja shavuni, nimechoka. Kiganja tumboni, njaa. Vidole viwili begani, msimamizi huyo anakuja. Na ukimwona mtu anasugua pua kwa kidole, ujue ana umbea wa moto na atakupa mkitoka nje. Tunachekana, tunateta, tunapatana, na midomo yetu imefungwa.

Jioni nikivua aproni, na hayo yote nayaacha pale msumarini nilipoitundika.

Mwanangu tunamwita Chiriku. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza. Alisema na vijiko, alisema na ndoo, alimsimulia paka wa jirani habari za nyumbani kwetu mpaka nikaona haya. Kisha akaugua homa kali. Homa iliondoka, lakini haikuondoka mikono mitupu; ilibeba masikio yake. Mwanzoni tulidhani ni ukaidi, maana unamwita na hageuki. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akatueleza: mishipa ya ndani imeharibika, dawa hakuna, na hata vile vifaa vya kuvaa masikioni havitamsaidia. Akanitajia na mwalimu wa lugha ya alama, lakini sikutaka kusikia. Maneno yake yakaanza kutoweka, moja leo, jingine kesho, kama nyumba inayozimwa taa chumba baada ya chumba. Jina tu ndilo lililobaki, na kila tulipomwita Chiriku lilinichoma.

Mimi shule niliiacha njiani, nikaja kuiokota jioni. Baada ya kazi huenda kwenye darasa la watu wazima, sisi na madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwalimu wetu tunamwita Mwalimu Shwari. Umeme ukikatika anaendelea kufundisha gizani. Chaki ikivunjika anaokota kipande kidogo na kumalizia sentensi. Muhula ule alitufundisha habari za wanafalsafa wa kale walioitwa Wastoa, yaani watu wa barazani, kwa kuwa walikuwa wakikutana kwenye baraza moja la mji wao.

"Kumbe walikuwa wanapiga soga barazani kama sisi!" akasema kinyozi, anayekaa mbele yangu.

"Tofauti ni kwamba wao walikumbuka walichozungumza," Mwalimu akamjibu, darasa likaangua kicheko.

Fundisho lao kubwa nililielewa siku ileile, likanikaa kama kiatu cha saizi yangu. Mambo ya duniani, walisema, ni ya aina mbili. Yapo yaliyo katika uwezo wako: unavyofikiri, unachokitaka, unachoamua kutenda. Na yapo yasiyo katika uwezo wako: mwili na maradhi yake, ndimi za watu, vyeo, mvua, kifo. Ukiyalilia ya pili, umewakabidhi wengine kamba ya shingo yako. Yashughulikie ya kwanza; ya pili yapokee kwa utulivu.

Mimi mfua nguo nikaona vikapu viwili papo hapo. Na nisidanganye, vilinisaidia. Msimamizi wetu alikuwa ameshajua kwamba ninasoma, na alinibatiza Profesa. "Profesa, hili shuka umelipiga pasi au umelisomea?" Zamani ningekwenda kulia chooni. Sasa nikajiambia: ulimi ni wake, uko kikapu cha pili, mkunjo wa shuka ni wangu. Nikalinyoosha, nikatabasamu. Baada ya siku chache utani ukamwishia mdomoni. Hata masikio ya mwanangu niliyatia kikapu hichohicho cha pili, na kwa mara ya kwanza tangu ile homa nikalala usingizi wa kweli. Kwa hiyo mtu asije akaniambia watu wa barazani walikuwa wapiga porojo. Wameninyanyua nilipokuwa chini.

Ila kuna siku Mwalimu alituletea habari ya mtungi. Kama unaupenda mtungi wako, walifundisha, jikumbushe kwamba ni mtungi, ili ukivunjika usitetereke. Na unapombusu mtoto wako, jiambie moyoni kwamba unambusu kiumbe wa kufa.

Kinyozi akatazama viatu vyake. Nikainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Mtungi haujui kama umetoka nyumbani. Mwanangu anajua. Anasimama dirishani mpaka nirudi."

Mwalimu akaizungusha chaki vidoleni. "Mama Chiriku, hilo la mtungi hata mimi lilinishinda. Nilifiwa na mke wangu nikiwa nimelisoma vizuri sana." Akageuka, akaufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. "Lakini tusilitupe jiko kwa sababu limetuunguza kidole. Tuendelee."

Sasa ukafika wakati wa Chiriku kuanza shule. Nikampeleka ile ya mtaani kwetu, ambayo ukisimama mlangoni kwangu unaiona. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Mama, darasa la kwanza watoto wamebanana, mwalimu ni mmoja, na hapa hakuna anayejua lugha ya alama. Iko shule ya bweni ya watoto wasiosikia. Ni mbali, basi linatembea kutwa, lakini atafundishwa. Atakuwa anarudi likizo."

"Hata meno ya utoto hajaanza kung'oka, mwalimu. Alale huko peke yake?"

"Najua. Mlete Jumatatu nimwangalie. Akiweza kufuatana na wenzake, tutaona. Asipoweza, nitapeleka jina lake bweni. Kubali tu, mama. Ni kwa faida yake."

Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia.

Jioni ile mume wangu, fundi wa vigae, alikula, vumbi la saruji bado liko kwenye nyusi zake. Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye uliyenifundisha habari za vikapu. Hili liko kikapu gani?"

"Cha pili," nikasema.

"Basi tutulie, mke wangu. Tulipokee." Lakini alikuwa akiongea na ukuta.

Chiriku alikuwa kwenye kona yake, anapanga vifuniko vya chupa. Nikamwita aje ale, kwa sauti ile ya siku zote, karibu kabisa na sikio lake, kama vile ningepiga kelele za kutosha mlango ungefunguka. Jirani ndiye aliyeitika ng'ambo ya ukuta: "Abee!" Mume wangu akacheka, mimi nikacheka, halafu tukaacha wote pamoja.

Jumamosi yule jirani, ambaye ndiye hushinda na Chiriku, alikuwa na safari. Nikamwingiza mtoto kazini chini ya mtandio. Kamanda akamkalisha juu ya lundo la vitambaa vya meza, nyuma ya nguzo, mahali anapouona mlango wa nyuma. Akakaa hapo asubuhi nzima, macho yanatembea kutoka mikono hii kwenda ile. Nilidhani anauangalia mvuke.

Saa ya kupumzika ilikuwa imepita, lakini sisi tulikuwa bado tumekalia vikapu, kinyume cha amri. Nikamsogezea Kamanda mdomo sikioni, maana roli zilikuwa zinaendelea kuunguruma, nikamweleza habari ya Jumatatu.

"Ila nimeshatulia," nikamalizia. "Nimeyachambua yote kama tulivyofundishwa. Masikio, shule, mwalimu mkuu, bweni, vyote havimo katika uwezo wangu. Nimeshafunga."

"Umechambua wewe?"

"Ndiyo."

"Na aliyefunga nani?"

"Mimi."

Kamanda akaweka kikombe chini. "Mwanangu, siku ya kwanza hapa nilikwambia nini?"

"Kamanda, ile ni habari ya nguo. Hii ni falsafa."

"Soksi haijui kama hii ni falsafa. Lete kikapu nipitishe mkono. Kuna nini humo?"

Nikamtazama nione kama anatania. Alikuwa hatanii.

"Masikio yake," nikasema.

"Sawa. Daktari kasema. Yaache humo."

"Anavyoamua mwalimu mkuu."

"Kichwa cha mtu hicho, huna ufunguo wake. Acha."

"Yeye kukaa bila kusema na mtu. Mimi kutosemezana naye."

"Hebu ngoja hapo hapo. Kusemezana naye kumefikaje humo?"

"Kwa sababu hasikii!" nilipayuka, na wenzetu wawili wakageuka.

Kamanda alikuwa anatazama nyuma yangu, na uso wake ulikuwa unaanza kucheka kutoka kwenye macho. Nikageuka. Chiriku alikuwa amesimama juu ya lundo lake, ameweka vidole viwili begani, anapiga piga kwa nguvu, amekunja uso kwa hasira ya mtu asiyesikilizwa.

Tulivyoruka! Huyu akashika shuka, yule akashika ufagio, mwingine akajitia kuhesabu foronya. Mlango wa nyuma ukafunguka, msimamizi akaingia na sura yake ya kufumania. Akatukuta tunachapa kazi kama mchwa. Akazunguka, akanuna, akatoka bila hata kuniita Profesa. Mtoto alikuwa amezama nyuma ya vitambaa.

Alipoondoka, Chiriku akachomoza kichwa. Akaweka kiganja tumboni: njaa. Halafu akanitazama, akasugua pua yake kwa kidole.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mmoja alimpa mkate, mwingine akamuuliza kwa mikono kama amechoka, naye akatikisa kichwa: bado. Naye alicheka. Alicheka katikati ya watu, kwa sauti, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu ile homa.

Mimi nikakaa kwenye sakafu yenye maji. Mwaka mzima nilikuwa nampigia kelele mlangoni pa nyumba isiyofunguka, na kutwa nzima nilikuwa nazungumza na watu bila sauti. Kila jioni nilikuwa natundika maneno ya mwanangu msumarini pamoja na aproni.

"Hiyo hapo soksi yako," Kamanda akasema, akinivuta kwapani niinuke. "Nyekundu kama pilipili."

"Niliichambua vibaya."

"Uliichambua ukilia. Machozi hayaoni rangi. Ndiyo maana kuna mtu wa pili. Haya, shika ncha zako, shuka halijikunji."

Jumapili tulikaa sakafuni, mimi, Chiriku na baba yake. Baba alikuwa na ishara zake pia, za kuagiza kigae kutoka juu ya ngazi: kikubwa, kidogo, kimevunjika, lete upesi. Chiriku akazimeza zote, akatunga zake. Kufikia jioni alikuwa ameshamshitaki baba yake kwangu mara kadhaa. Mume wangu akaniambia, "Sasa huyu ataturudisha kulekule. Hanyamazi." Akajifuta macho kwa mkono wenye saruji, akasema ni vumbi.

Jumatatu nilikwenda shuleni na mtoto mkono mmoja, shuka lililokunjwa mkono wa pili. Mwalimu mkuu akasimama nyuma ya Chiriku, akamwita kwa jina. Hakugeuka. Akapiga makofi. Hakugeuka.

"Unaona, mama."

Nikavikumbuka vikapu. Kichwa chake si changu. Sauti yangu ni yangu. Nikaishusha sauti.

"Naona, mwalimu. Sasa na mimi naomba uone."

Nje palikuwa na kasichana kanafagia. Nikamwomba mwalimu akaruhusu kaingie. Chiriku akakunjua shuka, akakapa ncha mbili, akavuta mara moja. Kale kasichana kakageukia kulia, kakajifunga kama mzigo. Chiriku akakafungua kwa uvumilivu wa fundi mzee, akakaonyesha tena. Mara ya pili kakapatia. Baada ya muda mfupi shuka lilikuwa limekunjwa, pembe kwa pembe, na wale wawili walikuwa wanasugua pua na kucheka kama watu waliokua pamoja.

Mwalimu mkuu alirekebisha miwani. "Mchezo mzuri. Lakini kusoma siyo kukunja mashuka."

"Kweli. Na hizi ni ishara za wafua nguo, hazitoshi, najua. Daktari alinitajia mwalimu wa lugha ya alama yenyewe, anafundisha wazazi siku za Jumapili. Tutajifunza, mimi na baba yake. Ninachojifunza nitakileta hapa, kwa mwalimu wa darasa na watoto, asubuhi kabla ya zamu yangu. Mwenzangu kazini amekubali kunipokelea nikichelewa."

"Utachoka."

"Nitachoka. Halafu nitakuja."

"Na nikikataa?"

"Nitakushukuru kwa kunisikiliza, nitarudi kesho. Kukataa ni kwako, mwalimu. Kurudi ni kwangu."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo. "Nani alikufundisha kubishana bila kupandisha sauti?"

"Watu wa kale, barazani kwao. Na mama mmoja wa kiwanda cha kufulia."

Akalitazama shuka muda mrefu. "Muhula mmoja," akasema. "Mwisho wake nitampima. Akiwa ameachwa nyuma, atakwenda bweni na hutanibishia."

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Sikulia. "Tutapima pamoja," nikasema. "Na nitaomba mwenzangu aje apitishe mkono." Hakunielewa, lakini aliitikia kwa kichwa.

Jioni nilimsimulia Mwalimu Shwari. Kinyozi alinishangilia kama nimefunga bao.

"Kwa hiyo watu wa barazani walikosea?" Mwalimu akauliza.

Nilikuwa nimelifikiria njia nzima. "Vikapu havina kosa, Mwalimu. Bila vikapu ningempigia kelele mwalimu mkuu, angenifukuza. Lakini mtu hawezi kuchambua peke yake. Uchungu unamdanganya. Na wapo wanaokuchambulia mapema, wanakwambia 'kubali tu', ili wao wapumzike. Ukishazoea kutulia, unawaamini."

Mwalimu akapangusa vumbi la chaki mikononi. "Walisema pia kwamba binadamu tumezaliwa kwa ajili ya kusaidiana, sote raia wa mji mmoja. Sehemu hiyo sisi wasomaji wao huipita haraka. Kutulia peke yako ni rahisi kuliko kushika ncha ya shuka la mwenzako." Akachukua chaki. "Andikeni hilo." Halafu akasita. "Au msiandike. Mkatende."

Muhula sasa uko katikati. Sijui mwisho wake utakuwaje, na hilo nimeliacha kikapu cha pili. Kamanda alikagua, akafunga. Lakini kila Ijumaa asubuhi niko pale darasani na aproni mkobani, nawafundisha wale watoto alama za wiki hiyo.

Ijumaa iliyopita nilifika kabla ya mwalimu wao. Darasa lilikuwa linachemka, watoto juu ya madawati, kelele kama chumba chetu cha pasi. Chiriku alikuwa dirishani. Ghafla akaweka vidole viwili begani. Aliyekuwa karibu naye akaona, akaweka vyake. Nikaviona vidole vikisambaa dawati hadi dawati, na kelele ikikatika nyuma yake, mpaka darasa zima likaketi, mikono juu ya meza, kimya.

Mlango ukafunguka. Mwalimu mkuu akasimama, akawatazama, akanitazama mimi.

"Leo wamekuwaje hawa?"

Nikasema sijui. Kule dirishani mwanangu alinikazia macho, akasugua pua yake polepole: nitakwambia tukitoka nje.